Utangulizi: Kitenzi Kilichofuata Nyayo

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "last" ni kudumu, akaridhika. Kisha siku moja anaambiwa atafsiri "The food lasted us three days", naye anaandika: chakula kilitudumu siku tatu. Sikio linakataa. Sisi tungesema kilitutosha. Mkutano nao huchukua saa mbili, simu hukaa na chaji kutwa, na mgonjwa mahututi tunahofia hatafika asubuhi. Kote huko Mwingereza anatumia "last" ileile. Karibu basi katika semantiki, taaluma ya maana; nimechagua kukuingiza kwa mlango huu mwembamba kwa sababu ndio ulioniingiza mimi.

Kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, watu wa huko walisema "lǣstan", yaani kufuata, kutekeleza, kuendelea. Neno hilo limezaliwa na nomino yenye maana ya unyayo. Binamu yake wa Kijerumani, "leisten", amebaki na kazi ya kutimiza, na kile kiguu cha mti ambacho fundi viatu hukishonea kiatu bado Waingereza wanakiita "last". Kudumu kwao, kwa asili, kulikuwa kuufuata unyayo usikupotee. Ila tahadhari: "last" yenye maana ya "-a mwisho" ni mgeni tu aliyefanana sura, maana imetokana na "late", kuchelewa. Nimesahihisha insha zilizojenga falsafa nzima juu ya undugu wa hayo mawili. Falsafa tamu, etimolojia mbovu.

"Endure" ilipita njia nyingine: Kilatini "durus", kigumu, kisha Kifaransa, ndipo ikafika Uingereza. Anayevumilia amekuwa mgumu. Kiswahili, kwa kukopa Kiarabu, kiliona jambo hilohilo kama mzigo: kuhimili na kustahimili ni za shina moja na hamali, yule mbeba magunia wa bandarini. Hapo ndipo taaluma hii inaponinogea. Ugumu, mzigo na unyayo ni picha tatu za jambo moja, na hakuna lugha iliyolazimika kuchagua picha iliyoichagua.

Sarufi nayo ina vituko vyake. Mwaka 1957 mwanafalsafa Zeno Vendler aliainisha vitenzi vya Kiingereza kwa namna vinavyohusiana na wakati, na tangu hapo wanaisimu hawajaacha kubishana naye. Tuchukue jaribio dogo. "The meeting lasted", ukiishia hapo, msikilizaji anangoja: muda gani? Lakini "Their love lasted" imekamilika, na maana yake ni kwamba mapenzi yalidumu sana. Kimya cha kutotaja muda kimegeuka kuwa muda mrefu. Kiswahili kinafanya hivyohivyo kwa kudumu: ndoa yao ilidumu, basi. Jaribu sasa "mkutano ulichukua", unyamaze, uone watakavyokutazama.

Mambo ya kauli ya kutendwa, ambayo "last" huikataa katakata, nimeyaweka mbele kidogo, yanahitaji subira. Sura ya kwanza inaanzia kwa fundi viatu.