Mbwa na Kumbukumbu ya Mamaye: Kutoka Mabohari ya Chaani hadi Maabara ya Belfast

Makala haya yanachunguza swali ambalo aghalabu huulizwa kwa mzaha ingawa halijibiki kwa mzaha: je, mbwa aliyetenganishwa na mamaye na ndugu zake wa uzao mmoja huwakumbuka wakutanapo tena? Swali hili lina mahali pake katika mtaa wa Chaani, ulioko Changamwe, upande wa bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Maisha ya Chaani yamefungamana na bandari ya Kilindini. Kuna mabohari, yadi za makontena na maegesho ya malori yanayosubiri kupakia. Penye mali hapakosi mlinzi, na penye mlinzi wa usiku mara nyingi pana mbwa. Mbwa hao huzaa, na vilebu wao hawakai na mama kwa muda mrefu.

Na ichukuliwe mfano wa jike aliyezaa vilebu watano nyuma ya bohari. Kabla hawajatimiza wiki tano wamekwisha kuombwa. Mmoja anatiwa katika boksi la karatasi na kuvushwa kwa feri hadi Likoni. Wawili wanachukuliwa pamoja na mtu mmoja wa Kisauni. Wa nne anapelekwa Miritini. Wa tano hafiki popote, kwani lori limemkanyaga. Mama anabaki pale pale, chini ya trela lile lile, na baada ya siku chache maziwa yanamkauka. Mpita njia angedhani kwamba habari imekwisha.

Kuhusu hatima ya ukoo huu husikika kauli mbili. Ya kwanza hudai kwamba mbwa hana ukoo: akishaondoka amesahau, na akirudi ni mgeni kama wageni wengine. Ya pili hushikilia kinyume chake, kwamba mbwa hasahau kamwe, na kwa sababu hiyo ni bora kilebu aondolewe mapema, kabla hajamjua mamaye vyema, ili moyo wake wote uwe kwa bwana wake mpya. Kauli hizi mbili zina makosa, lakini ya pili ina gharama zaidi, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kwanza ni vyema kufahamu jinsi kilebu anavyoujua ulimwengu. Huzaliwa akiwa kipofu na kiziwi. Macho humfunguka yapata wiki ya pili, na masikio hufuata katika wiki ya tatu. Katika muda huo wote, pua na ngozi ndizo zinazomwelekeza kwenye chuchu na kwenye joto la wenzake. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu vinavyozidi milioni 200, ilhali ya binadamu ina takriban milioni 5 au 6. Kwa hiyo sura ya mama, kama ingefaa kutumia neno sura, huchorwa kwa harufu kabla ya kuchorwa kwa nuru. Anayetaka kujua kama mbwa amemtambua mamaye kwa kutazama macho yake tu amekosea mlango.

Mtafiti aliyebisha mlango uliofaa ni Peter Hepper wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, Ayalandi ya Kaskazini, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994. Njia yake ilikuwa nyepesi. Mbwa aliachwa alalie kitambaa hadi kikaingia harufu yake. Kisha mbwa mwingine alipewa vitambaa viwili anuse, kimoja cha jamaa yake na kingine cha mbwa asiyemhusu lakini wa aina ile ile na umri uliolingana. Mtafiti alipima muda ambao mbwa aliutumia kwa kila kitambaa. Vilebu wa wiki nne hadi tano na nusu walielekea kwa mama na ndugu zao kuliko kwa wageni, na harufu peke yake iliwatosha kufanya hivyo.

Hilo halikuwa la kushangaza sana. La kushangaza lilitokea kwa mbwa wakubwa, waliotenganishwa na mama wakiwa na umri wa takriban wiki nane na ambao hawakuwa wameonana kwa muda upatao miaka miwili. Mama walivitambua vitambaa vya wana wao, na wana wakavitambua vya mama zao. Miaka miwili kwa mbwa si muda mdogo, kwani kufikia hapo kilebu amekwisha kuwa mtu mzima mwenye uwezo wa kuzaa.

Lakini ndugu kwa ndugu mambo yalikuwa mengine. Mbwa waliokuwa wametengana na ndugu zao wote kwa muda huo hawakuonyesha dalili ya kuwatambua. Waliofaulu ni wale walioendelea kuishi na ndugu mwingine wa uzao ule ule. Hao, walipopewa kitambaa cha ndugu wa tatu aliyekuwa mbali, walikitambua. Yaelekea basi kwamba ndugu wa uzao mmoja hushirikiana harufu fulani ya ukoo, na anayeishi na ndugu mmoja huinusa kila siku bila kuisahau. Aliye peke yake hana kinachomkumbusha.

Matokeo haya yanaigusa methali inayosema damu ni nzito kuliko maji. Damu ya ndugu hawa ilikuwa moja, walitoka tumbo moja na kunyonya ziwa moja, lakini damu hiyo haikusema lolote pale ambapo maisha ya pamoja yalikatika kabisa. Waswahili, ambao kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu humhesabu ndugu wa kunyonya kuwa ndugu asiyeoleka, hawataona ugumu kuelewa kwamba undugu unaweza kujengwa na malezi pia, wala si kuzaliwa pekee.

Hapa linafaa swali la lugha. Je, yafaa kusema kwamba mbwa hawa walikumbuka, au walitambua tu? Vitenzi hivi viwili havina uzito sawa. Kutambua huhitaji kitu kiwepo mbele ya mtambuzi. Kukumbuka huwezekana hata kama kitu hakipo. Tena, mtu amwambiapo mwenziwe "nimekukumbuka", hatoi taarifa ya akili peke yake bali na ya moyo. Jaribio la Belfast lilithibitisha kutambua. Halikuthibitisha kwamba mbwa aliyevushwa Likoni hulala usiku akimwaza mamaye aliyeko Chaani. Wasomaji wa fasihi watamrejelea Argos, mbwa wa Odiseo katika utenzi wa Homer, aliyemtambua bwana wake baada ya miaka 20. Lakini hata yeye alitikisa mkia baada ya bwana kufika karibu.

Hata hivyo, si haki kumnyima mbwa kukumbuka kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, wakiongozwa na Claudia Fugazza, walionyesha kwamba mbwa 17 waliweza kuiga tendo la bwana wao walilolishuhudia dakika moja au hata saa moja kabla, ingawa hawakuwa wakitazamia kuulizwa. Uwezo huo ulipungua kadiri muda ulivyopita. Kutoka saa moja hadi miaka miwili ni mbali, na haifai kuruka pengo hilo kwa huruma peke yake.

Tena kutambua si kupenda. Jike anaweza kumjua mwanawe na bado akamng'oria penye chakula. Katika mitaa yenye mbwa koko wengi, ujamaa hauzuii ugomvi wala kupandana. Anayetarajia kuwaona mama na mwana wakikumbatiana huenda akashuhudia kunusana kwa muda mfupi, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Ama kuhusu kauli ya kumwondoa kilebu mapema, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 nchini Italia unaipinga waziwazi. Mbwa 140 walilinganishwa: nusu walikuwa wameondolewa kwa mama wakiwa na siku 30 hadi 40, na nusu wakiwa na miezi miwili. Kwa maelezo ya wenyewe, walioondolewa mapema ndio waliokuwa na woga zaidi, wakibweka kupita kiasi, wakishtuliwa na kelele na kugombea chakula. John Paul Scott na John Fuller, waliochapisha kazi yao kubwa mwaka 1965 kutokana na utafiti wa Bar Harbor, Marekani, walikwisha kuonyesha kwamba kipindi cha kuanzia wiki ya tatu hadi yapata ya kumi na mbili ndicho ambacho kilebu hujifunza kuishi na wengine. Ndugu akiumwa kwa nguvu hulia na kuacha mchezo. Muumaji hujifunza kipimo cha meno yake. Hakuna bwana awezaye kufundisha somo hilo kwa fimbo.

Na mbwa anayeshtuliwa na kelele atafanya kazi gani Chaani? Malori hayalali, makontena hugongana usiku kucha, na ndege za uwanja wa Moi ulioko Port Reitz hupita karibu. Anayechukua kilebu wa wiki nne kwa kutafuta uaminifu hujipatia mlinzi anayejificha chini ya meza. Wiki nne za kusubiri hazimgharimu mengi, na kipande cha gunia alicholalia mama, kikitiwa katika boksi la safari, humpa mtoto harufu anayoijua katika siku za mwanzo za ugeni.

Wale vilebu wanne waliobaki hai, iwapo wangekutana tena miaka miwili baadaye nyuma ya bohari lile, wasingekuwa na hali moja. Kila mmoja angekuwa na nafasi nzuri ya kuitambua harufu ya mamaye, naye mama harufu yao. Wawili wa Kisauni, kwa kuwa wameishi pamoja, yumkini wangewatambua wa Likoni na wa Miritini. Lakini wa Likoni na wa Miritini, kila mmoja akiwa ameishi peke yake, wangenusana kama wageni.