Mathayo Forodhani: Huruma Inayolipa Deni

Huruma ya Mungu na Wito wa Ufuasi: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulikuwa nyumbani kwa baba wa mwana mpotevu. Tulimwona akimkimbilia mwanawe njiani, kabla kijana hajamaliza maneno ya toba aliyoyapanga kule kwenye nguruwe. Faraja ya simulizi ile ni kubwa. Lakini kijana yule alitapanya fungu lake mwenyewe. Leo tunakutana na mtu aliyekula fungu la wenzake, naye akaitwa vilevile. Huyo ni Mathayo, ambaye Marko na Luka wanamwita Lawi.

Mathayo anatuletea swali ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: Mungu anapomhurumia mdhulumaji, aliyedhulumiwa anabaki wapi? Tusipolijibu, huruma tunayoihubiri itakuwa habari njema kwa mwizi na habari mbaya kwa aliyeibiwa.

Meza ya ushuru Kapernaumu

Kapernaumu ulikuwa mji wa wavuvi na wakulima, ukingoni mwa Ziwa Galilaya upande wa kaskazini, kilomita chache kutoka mahali Mto Yordani unapoingia ziwani. Mto huo ulikuwa mpaka. Magharibi alitawala Herode Antipa, kuanzia mwaka 4 K.K. hadi 39 B.K.; ng'ambo ya pili alitawala ndugu yake Filipo. Palipo na mpaka hapakosi ushuru. Aliyepita na samaki wa chumvi, nafaka, divai au mafuta ya zeituni alisimama mbele ya meza, mizigo ikafunguliwa, thamani yake ikakadiriwa, kisha akatajiwa kiasi cha kulipa.

Ubaya ulianzia kwenye makadirio hayo. Kazi ya kutoza ilitolewa kwa mkataba: mwenye mkataba alimwahidi mtawala kiasi fulani, na kilichozidi kikawa chake na cha watu wake. Mkulima hakuwa na njia ya kujua kiwango halali kinaishia wapi na tamaa ya mtozaji inaanzia wapi. Ndiyo maana Yohana Mbatizaji, watoza ushuru walipomwendea, aliwapa agizo moja tu: wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Alijua panapouma.

Nao waliokamuliwa walikuwa watu wa namna gani? Mwaka 1986, ukame uliposhusha maji ya ziwa lile, mashua ya zama hizo ilionekana topeni karibu na Ginosar. Urefu wake ni kama mita 8. Mbao zake ni za miti ya aina nyingi, nyingine zimetolewa kwenye mashua kuukuu, na imetiwa viraka mara kwa mara. Mwenye mashua ile hakuwa na uwezo wa kununua mbao nzuri, akaungaunga alichopata ili aendelee kuvua. Mtu wa hali hiyo ndiye aliyekuwa akifungua kikapu chake mbele ya meza kama ya Mathayo.

Hasira iliyokuwa na msingi

Kwa hiyo tusiwahukumu upesi Mafarisayo walionung'unika walipomwona Yesu ameketi chakulani na watoza ushuru. Hasira yao ilikuwa na msingi. Mishna, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi ulioandikwa yapata mwaka 200 B.K., inakataza kubadilisha fedha kutoka kwenye sanduku la mtoza ushuru, hata kupokea sadaka itokayo humo. Sababu iko wazi: fedha ile inahesabiwa kuwa ya wizi, na sadaka haigeuzi cha wizi kuwa halali.

Fikiri agizo hilo lingesomwa leo siku ya harambee ya kanisa. Mgeni rasmi anafika na msafara wa magari, anataja mamilioni yake kwenye kipaza sauti, vigelegele vinapigwa, na jina lake linaandikwa kwenye jiwe la msingi. Ni nani miongoni mwetu anayeuliza fedha ile imetoka kwenye sanduku gani? Marabi wa kale walimkumbuka mwenye mali aliyeporwa. Sisi mara nyingi tunakumbuka paa ambalo halijaezekwa.

Basi kosa la walionung'unika halikuwa kuuchukia wizi. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mwizi hawezi kuwa kitu kingine. Yesu aliwajibu kwa mfano wa tabibu anayekwenda kwa wagonjwa, akawatuma wakajifunze neno la nabii Hosea, kwamba Mungu anapendezwa na rehema kuliko dhabihu. Injili ya Mathayo inalitaja neno hilo mara mbili, sura ya 9 na sura ya 12. Lakini katika sura ya 23 injili hiyohiyo inaiweka rehema bega kwa bega na adili na uaminifu, kuwa ndiyo mambo makuu ya sheria. Anayeitenga rehema na haki hajamsoma Mathayo mpaka mwisho.

Wito ulitangulia

Tuangalie mpangilio wa tukio lenyewe. Mathayo hakwenda kwa Yesu. Hakuungama kwanza, hakufunga, hakuleta barua ya mchungaji wala ya katekista. Yesu alipita, akamwona ameketi kazini, akamwita pale pale, sanduku likiwa mbele yake. Kisha Mathayo akasimama. Luka anaongeza kwamba aliacha vyote.

Mpangilio huo ndio moyo wa Injili. Kama Mungu angesubiri tusafishe mikono ndipo atuite, asingepata mfuasi hata mmoja. Huruma haingoji mwisho wa njia ya ufuasi kama tuzo ya waliofika. Iko mwanzoni, na bila hiyo hakuna anayepiga hatua ya kwanza.

Mapokeo ya Kanisa tangu karne ya 2 yanaiunganisha injili ya kwanza na mtume huyu, na ndani yake umo mfano ambao injili nyingine hazina: mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku moja wa kibarua, na talanta moja ilikuwa dinari 6,000. Mwanahistoria Yosefo anaandika kwamba mapato ya Antipa kwa mwaka mzima, kutoka Galilaya na Perea, yalikuwa talanta 200. Kwa hesabu hiyo, deni la mtumwa yule ni mapato ya nchi ya Antipa kwa miaka 50. Mtu aliyezoea kuhesabu ushuru wa Antipa angeelewa mara moja kwamba deni hilo halilipiki. Na dinari 100, zaidi ya miezi mitatu ya kazi ya kibarua, nazo si kidogo. Mfano haudharau tunachodaiana sisi kwa sisi. Unasema kwamba aliyesamehewa lisilolipika hana tena ruhusa ya kumtendea mwenzake kana kwamba hakusamehewa kitu.

Zakayo na wasiojulikana

Kuhusu Mathayo hatuambiwi kama alirudisha alichotoza kwa hila. Luka, hata hivyo, anatuonyesha mtoza ushuru mwingine, Zakayo wa Yeriko, na hapo jibu la swali letu linafunguka. Yesu anajialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi lolote. Huruma imetangulia tena. Ndipo Zakayo anasimama na kutamka mambo mawili: nusu ya mali yake atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Kwa nini mambo mawili? Kwa nini isitoshe kuwarudishia aliowadhulumu? Marabi wanatusaidia kupata jibu. Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mwingine wa mafundisho yao, inakiri kwamba toba ya watoza ushuru ni ngumu, kwa kuwa waliowaibia ni wengi na wengine hawajulikani. Anayejulikana arudishiwe chake. Na asiyejulikana je? Rav Hisda, mwalimu wa Babeli, anajibu kwamba hao watengenezewe visima na mashimo ya maji kwa matumizi ya watu wote. Huyu aliyepita zamani na punda wake akanyang'anywa, labda siku moja atapita tena ana kiu, naye atakunywa.

Ukisoma kauli ya Zakayo kwa mwanga huo, inaeleweka vizuri. Mara nne ni kwa wale anaowajua kwa majina. Nusu ya mali ni kwa wale ambao hatawajua kamwe, waliopotelea katika umati wa maskini. Tena alivuka kiwango: Torati katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, ilimtaka anayeungama arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano tu. Yesu hakumpa Zakayo masharti, lakini alipousikia uamuzi wake alitangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Wahenga walituachia neno: dawa ya deni kulipa. Huruma ya Mungu haiifuti hekima hiyo. Inachofanya ni kumwondolea mdaiwa hofu iliyokuwa ikimfanya ajifiche, ili sasa aweze kumtazama machoni anayemdai. Asiyejua kwamba amesamehewa atakana deni mpaka kaburini. Anayejua kwamba amesamehewa ana ujasiri wa kulikiri.

Yaliyotokea kwetu

Afrika Mashariki imewahi kuyaona mambo haya kwa macho. Mwaka 1929 daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, alikutana mjini Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi, na kutokana na ushirika wao ulikua Uamsho ambao katika miaka ya 1930 uliwaka Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu waliimba na kushuhudia, lakini majirani waliguswa zaidi na jambo jingine: walokole, kama walivyoitwa watu wa Uamsho huo, walirudisha vitu. Vyombo vilivyoibwa kazini vilirudi, madeni ya zamani yalilipwa, na watu waliotengana kwa miaka walitafutana kuombana radhi.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kufundisha shule Dodoma kabla hajapewa uaskofu, alipenda kusimulia kwamba muda mfupi baada ya kuokoka alisukumwa moyoni kumwendea mmisionari Mzungu aliyemchukia. Alipanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu hadi nyumbani kwake, akamwambia wazi kwamba alikuwa amemchukia na sasa anaomba msamaha. Tafakari safari hiyo. Katika zama za ukoloni Mwafrika hakukosa sababu za kumchukia Mzungu, na Kivengere angeweza kusema kwamba amekwisha kusamehewa na Mungu, yatosha. Lakini alielewa kwamba msamaha alioupata umempa njia ya kwenda, naye akaenda.

Je, asiye na cha kulipa?

Najua kuna msomaji ambaye moyo wake umekuwa mzito kufikia hapa. Yupo karani wa chama cha msingi aliyechezea mizani ya wakulima kwa misimu mingi, na fedha ile imekwisha kuliwa. Yupo msimamizi wa mirathi aliyeuza shamba la yatima, na yatima hao hajui sasa wako mji gani. Yupo mama aliyekuwa mweka hazina wa kikundi, akatumia akiba ya wenzake kumtibu mtoto, akashindwa kuirudisha. Ndugu zangu, mnyang'anyi aliyesulubiwa kando ya Yesu hakuwa na kitu mkononi, na mikono yenyewe ilikuwa imefungwa msalabani. Hakumlipa yeyote. Alipokewa siku ile ile. Malipo hayainunui huruma, na asiyeweza kulipa hafukuzwi mlangoni.

Lakini wewe bado hujasulubiwa. Una mikono. Anza na jina moja unalolikumbuka. Nenda kwake ukaseme ukweli, hata kama unaweza kutoa kidogo kidogo tu, mwezi kwa mwezi. Kama kosa lako ni la kisheria, tafuta ushauri wa mchungaji au padre wako, naye akusindikize badala ya kukuficha. Na kama uliowadhulumu hujui walipo, sikia ushauri wa Rav Hisda: fanya jambo litakalowafaa watu wa hali yao, pasipo kuandikwa jina lako ukutani.

Na sisi viongozi wa makanisa tuna wajibu wetu. Anapokuja mtu na bahasha nene na dhamiri inayomsumbua, tusiwahi kuipokea bahasha. Tumwulize kwanza kama yupo mwenye fedha hiyo. Yesu alifundisha kwamba anayekumbuka ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende akapatane naye kwanza. Kanisa linalomruhusu mtu aruke hatua hiyo linamnyima huruma kamili, kwa sababu linamwacha bado ameketi forodhani.

Mathayo aliitwa asimame. Anayesema amehurumiwa, huku akiendelea kukalia alichompora jirani, bado hajasimama, na ufuasi wake haujaanza. Anayesimama atakuta kwamba njia anayoitwa kuifuata inapitia kwanza kwenye milango ya watu anaodaiwa nao.

Katika sehemu ya nne, Mungu akipenda, tutahamia upande wa pili wa jambo hili. Tutasafiri na nabii Yona hadi Ninawi, tumsikie aliyedhulumiwa anapokasirika kwa sababu Mungu amemhurumia adui yake, na namna Mungu alivyomjibu.