Chema Nacho Hujitembeza

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti wangaliwaona vijana wa bendi changa hapa Nakuru! Mchana wamo sokoni wakitafuta riziki. Jioni hufanya mazoezi kwa gitaa la kuazima. Onyesho likikaribia, huzunguka mjini wakibandika matangazo na kuwasihi watangazaji wa redio wacheze nyimbo zao. Siku yenyewe ifikapo, ukumbi hujaa marafiki walioingia bure.

Safari hii ni ndefu. Them Mushrooms walianza Mombasa mwaka 1972. Wimbo wao “Jambo Bwana” ulitoka mwaka 1982. Ni bendi ngapi zimekufa kabla ya kufikisha miaka kumi, si kwa kukosa kipawa, bali kwa kukosa nauli?

Walimu wenzangu, tuwaalikapo vijana hawa shuleni, tusiwalipe kwa soda na makofi. Tupatane malipo mapema, tena kwa maandishi. Mwanafunzi akiona msanii akilipwa, atajua kwamba sanaa ni kazi. Nawe mwanafunzi, lipa kiingilio, hata kama mpiga ngoma ni kaka yako. Hasa akiwa kaka yako.