Lazima Kieleweke: 'Must' na 'Have to' kwa Masela wa Lukuledi

Oya wanangu wa Lukuledi, Masasi, Newala, na nyie wa Tandahimba mnaosikilizia bei ya mnada! Leo tunaongea Kiingereza, ila siyo kile cha kujimwambafai kijiweni. Ni vineno vichache tu, vile vinavyoonyesha nani amebanwa, nani amekatazwa na nani yuko huru. Ukivichanganya unapigwa kweupe.

Tuanze na kinachowachemsha madenti kinoma. Dogo wa fomu tuu anataka kumwambia mgeni kwamba mchango si lazima. "Lazima" kwake ni "must", "si" ni "not", anaviunga chap: "You must not pay." Mgeni anarudisha waleti mfukoni, maana kaambiwa kulipa ni marufuku! Hapo ilitakiwa "You don't have to pay", yaani ukitaka toa, hutaki kausha. "Mustn't" inafunga mlango, "don't have to" inauacha wazi.

Na mtu asije kuwaambia madogo wa kusini kwamba hawana kichwa cha lugha. Sela aliyepita jandoni na binti aliyekaa unyagoni kwa kungwi wanaijua tofauti hii toka utotoni. Ya jandoni hayasimuliwi nje, huo ni mwiko, na mwiko ndiyo "mustn't" yenyewe. Kuja na zawadi siku mwali anatoka unyagoni ni moyo wako, na hiyo ndiyo "don't have to". Akili ipo tayari. Kinachokosekana ni ticha wa kuwaonyesha kwamba Kiingereza nacho kina miko yake. Mtoto kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, anaingia fomu wani anakuta baiolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza, halafu sarufi anapewa kama orodha ya kukariri. Inaumiza, na si haki.

Mimi ningemfundishia kwenye korosho. Toka 2007 tuna stakabadhi ghalani: mzigo unapita AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unaingia ghala, unapigwa mnada. Hakuna aliyekuuliza kama unapenda, ndiyo utaratibu. Kwa hiyo: "We have to sell through AMCOS." Amri imetoka nje yako. Sasa mkulima akiangalia mikorosho yake imeanza kutoa maua, ubwiri unga unanukia jirani, akasema moyoni wiki hii lazima nipulize salfa, hiyo ni "I must spray this week." Presha imetoka kwake mwenyewe. Kitaani Waingereza na Wamarekani wanazichanganya hizi mbili, na "have to" ndiyo inayotawala mdomoni, kwa hiyo usigande ukiwa unaongea. Kwenye pepa, soma swali vizuri. Na wale wa kangomba, wanaonunua kinyemela nje ya mfumo, je? "You mustn't sell to them." Hapo hakuna mjadala.

Kitu kingine: "must" haina jana. Kumbuka Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi lizisombe. Kabla ya mkwanja kutoka, ukaja uhakiki, na wazee wetu wakasubiri. Ukitaka kuisimulia, sema "Farmers had to wait." Ukisema "Farmers must wait", umewarudisha foleni leo. Ukisema "Farmers must have waited", unakisia tu kwamba nadhani walisubiri. Hatukisii, wanangu. Tuliona.

Kama unaamini Kiingereza kilichonyooka ni cha watoto wa Masaki kule Dar, nenda Lupaso, hapo hapo Masasi. Benjamin Mkapa alizaliwa pale 1938, akapita Ndanda, akaenda Makerere, na 1962 akatoka na digrii ya Kiingereza. Akahariri magazeti, akawa Rais kuanzia 1995 hadi 2005. Mtoto wa kijiji cha kwetu, na lugha aliikazia mpaka ikamtii.

Halafu kuna heshima. Sisi tuna shikamoo, wao heshima yao wanaificha kwenye kitenzi. Ukimwambia bosi "You must sign here", umemfokea. "You should sign here" imepoa kidogo, ni ushauri, na "Could you sign here, please?" ndiyo ya mtu aliyelelewa. Ila "must" hiyo hiyo ikitoka kwenye chakula inageuka ukarimu: mpe mgeni ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, iliyochemshwa vizuri, mwambie "You must try this!" Atacheka na atakula.

Mwisho ni mchongo wa kazi. Mtwara kuna kiwanda cha saruji, kuna gesi, kuna bandari, na mikataba mingi inakuja kwa Kiingereza. Humo utakutana na "shall". "The employee shall work on Saturdays": Jumamosi imeshaenda hiyo, usitegemee kulala geto. "The employer may pay a bonus": kampuni ina ruhusa ya kutoa, haijabanwa itoe. Masela wengi wanasoma mshahara tu, wanasaini, mwezi wa pili wanaanza kulia wamezinguliwa. Chukua kalamu, piga mstari chini ya kila "shall", "must" na "may", andika pembeni nani anadaiwa nini. Pasipoeleweka, mfuate ticha wako wa Kiingereza kabla hujatia sahihi.