Unaogopa hadithi yako imeshaandikwa? Mcheki Bwana Msa

Umefika sura ya tatu, mara unakutana na filamu yenye kisa kama chako. Unataka kufuta kila kitu. Subiri kwanza.

Mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko na ana rafiki wa kuongozana naye, Najum. Kama unamjua Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, aliyeanza kusomwa 1887, unaona kabisa Msa katokea wapi. Lakini hapa maiti inakutwa mzimuni, mahali watu wanapopaogopa, na Msa anatumia akili kufumbua kile ambacho wengine wanaisingizia mizimu. Hiyo London ya Holmes haina.

Kisheria nako, wazo halina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi iliyoandikwa, siyo wazo tupu. Mpelelezi mwerevu na rafiki yake? Ruksa. Kunakili kurasa za mtu ukabadilisha majina tu? Huo ni wizi, na hapo ndipo pa kuogopa.

Ukikwama, jiulize kisa hicho kingetokeaje mtaani kwenu, na nani angewahi kukipigia umbea.