Maisha ya Wageni Katika Mtaa wa Landless, Thika

Mji wa Thika u kaskazini-mashariki ya Nairobi, mwendo wa kilomita 40 hivi. Reli ilifika huko mwaka 1913, na tangu hapo viwanda na mashamba ya mananasi yamewavuta watu wa makabila mbalimbali. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa upya mwaka 2012, safari ya Nairobi ikawa nyepesi, na watu wakazidi kuhamia. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Thika ilikuwa na watu 251,407, na jirani yake Ruiru 490,120.

Mmojawapo wa mitaa inayowapokea wageni hao ni Landless, ulio upande wa barabara iendayo Garissa. Jina hilo la Kiingereza maana yake ni wasio na ardhi. Mgeni anayefika huko kutoka mashambani aghalabu hali yake ni hiyo hiyo: shamba la wazazi liko mbali, na hapa hana ila chumba cha kupanga. Basi yafaa ajue mambo yatakayomfanya awe mwenyeji.

La kwanza ni nyumba. Desturi ni kwamba mpangaji hulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, ambayo mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Fedha hizo si kidogo kwa mtu ambaye hajapata mshahara. Kwa hiyo asilipe kabla ya kukiona chumba kwa macho yake, wala asimpe fedha mtu asiyejulikana kwa majirani kuwa ndiye mwenye nyumba au mwangalizi wake. Aulize mapema maji hutoka siku gani, umeme hulipwaje, na taka huchukuliwa na nani.

La pili ni karatasi. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi iliwekewa mpaka wa shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vingi vya siku hizi vimepita kiasi hicho. Kwa sababu hiyo mapatano yaliyoandikwa ndiyo ngao ya mpangaji. Yaonyeshe kiasi cha kodi, kiasi cha amana, na muda wa kutoa taarifa kabla ya kuhama. Anayelipa kwa simu asifute ujumbe wa malipo. Anayelipa taslimu adai stakabadhi. Siku ya ugomvi, maneno matupu hayana uzito.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni kujulikana. Mashambani kila mtu humjua mwenzake hata kwa jina la babu. Katika ploti ya mjini watu wanaweza kutenganishwa na ukuta mmoja tu, wasijuane mwaka mzima. Upweke huo una hatari. Mtu akishikwa na homa usiku, ni nani atakayegonga mlango wake, au kumpeleka katika hospitali kuu ya serikali iliyopo mjini Thika? Ndugu yake yuko mbali. Jirani yuko hatua tatu.

Ndiyo maana mgeni hufanya vema akijitambulisha kwa majirani katika juma lake la kwanza, na kwa wazee wa Nyumba Kumi. Utaratibu huo, ambao asili yake ni Tanzania, ulianza kuenezwa Kenya mwaka 2013 ili majirani wajuane na kulinda usalama wao. Aidha viko vyama vya kuweka akiba, na zipo ibada za makanisa na misikiti, ambamo mtu hupata wenzi wa kusaidiana wakati wa ugonjwa au msiba.

Mgeni asijione kuwa ni mtu wa kuvumiliwa tu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 39, yampa kila raia haki ya kuishi popote katika nchi ya Kenya. Lakini haki huandamana na wajibu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Landless jembe hilo ni ufagio wa ua wa pamoja, mchango wa msiba wa jirani, na kodi inayolipwa kwa wakati. Anayelishika hilo, hata kama hana ardhi, ana mahali pake.