Uchakavu wa Mali katika Hesabu za Kampuni

Uchakavu, kwa maana ya kihasibu, ni kuigawa gharama ya mali ya kudumu katika miaka ambayo mali hiyo inaitumikia kampuni. Basi la abiria likinunuliwa kwa shilingi milioni 400 na likatarajiwa kufanya kazi miaka minane, si haki mwaka wa kwanza ubebe mzigo wote, halafu miaka saba inayofuata ivune nauli kana kwamba chombo kilipatikana bure. Kwa hiyo bei ya basi huandikwa kwanza kwenye mizania kama mali, kisha kila mwaka sehemu yake huhamishiwa kwenye taarifa ya faida na hasara kama gharama. Mali zisizoshikika, kama leseni, hataza au programu za kompyuta, hugawanywa kwa mantiki hiyo hiyo, na hapo wahasibu husema amotizesheni.

Uchakavu haupimi bei ya mali sokoni. Basi lenye thamani ya kitabuni, yaani gharama ukitoa uchakavu ulioandikwa hadi sasa, ya milioni 200 linaweza kuuzwa kwa 170 au 230, na tofauti hiyo huandikwa kama hasara au faida siku linapouzwa. Wala uchakavu si akiba. Kampuni inayoandika shilingi milioni 40 za uchakavu haijaweka hata senti moja benki kwa ajili ya kununua basi jipya. Imekiri tu kwamba sehemu ya fedha iliyokwisha kutoka siku ya ununuzi imetumika mwaka huu.

Hesabu yenyewe inasimama juu ya namba tatu. Gharama ya kununulia ina ushahidi: ankara ya muuzaji, stakabadhi za ushuru wa forodha, malipo ya usafirishaji kutoka bandarini, gharama za kufunga mtambo hadi uwe tayari kwa kazi. Namba mbili zilizobaki hazina stakabadhi. Moja ni muda wa matumizi, yaani miaka ambayo kampuni inategemea kuitumia mali hiyo, hata kama mali ingeweza kudumu zaidi mikononi mwa mwingine. Nyingine ni thamani ya masalia, yaani kiasi ambacho mali itauzwa mwisho wa muda huo. Hizi ni makadirio ya uongozi wa kampuni, na ndiyo sababu kampuni mbili zenye mabasi yale yale kwenye barabara ile ile zinaweza kutangaza faida zisizolingana bila yoyote kati yao kuvunja kanuni.

Basi la milioni 400 likikadiriwa masalia ya milioni 80, kiasi cha kugawanywa ni milioni 320. Kwa njia ya mgawanyo sawa, kila mmoja wa miaka minane unabeba milioni 40. Kwa njia ya salio linalopungua, asilimia maalumu hukatwa kwenye thamani iliyobaki: kwa asilimia 20, mwaka wa kwanza unabeba milioni 80, wa pili 64, wa tatu 51.2, na mzigo unaendelea kupungua. Njia hii inafaa mali inayofanya kazi kubwa ingali mpya na kuhitaji matengenezo mengi inapozeeka. Ipo pia njia ya kufuata kazi yenyewe. Basi likitarajiwa kwenda kilomita 1,600,000, kila kilomita inabeba shilingi 200, na mwaka wa safari nyingi unachajiwa zaidi ya mwaka wa safari chache. Migodi hupenda njia hii kwa sababu uhai wa mtambo wa mgodini mara nyingi unafungamana na tani za mawe zilizobaki ardhini.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16, kwa kifupi IAS 16, ndicho kinachosimamia jambo hili kwa majengo, mitambo na vifaa. Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2004. Kwa mujibu wa IAS 16, uchakavu huanza mali inapokuwa tayari kutumika, hata kama haijaanza kazi, na haukomi kwa sababu mali imeegeshwa, isipokuwa pale inapotumika njia ya kufuata kazi. Ndege zilizolala viwanjani mwaka 2020 wakati wa janga la korona ziliendelea kuandikiwa uchakavu huku hazina abiria. Kiwango hicho kinadai pia kwamba sehemu kubwa ya mali yenye uhai wake wa pekee ihesabiwe peke yake: injini ya ndege haichakai kwa kasi ya kiunzi chake, na kuzichanganya ni kuficha gharama ya matengenezo makubwa yanayokuja.

Ardhi inayomilikiwa moja kwa moja haichakai kihasibu, kwa kuwa uhai wake hauna kikomo. Afrika Mashariki, hata hivyo, kampuni nyingi hazimiliki ardhi kwa namna hiyo. Tanzania, ardhi yote ni ya umma na mwekezaji hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya upangaji wa miaka 99. Malipo ya haki ya namna hiyo yana mwisho unaojulikana, kwa hiyo hugawanywa katika miaka iliyobaki. Kiwanja cha kiwanda kikiwa kimebakiza miaka 20 ya hati, gharama hiyo si ndogo hata kidogo, na mwanahisa anayeamini kuwa ardhi haishuki thamani ataisoma mizania vibaya.

Mashamba nayo yana kanuni yake. Tangu Januari 2016, mimea inayozaa kwa misimu mingi, kama michai na mibuni, huhesabiwa kama mitambo: gharama za kuipanda na kuitunza hadi ianze kuzaa huwekwa kwenye mizania, kisha huchajiwa uchakavu kwa miaka yote ya mavuno. Jani la chai lililo juu ya mti bado huthaminiwa kwa bei ya soko. Kabla ya hapo mti wenyewe nao ulithaminiwa hivyo, na faida za kampuni za chai zilipanda na kushuka kwa makadirio ya bei za miaka ijayo ambazo hakuna aliyekuwa na hakika nazo. Badiliko hilo lilikuwa jema: mchai hauuzwi, unachumwa, na hesabu inapaswa kufuata matumizi yake ya kweli.

Kwa mali zisizoshikika, mfano ulio wazi ni leseni ya simu. Mwaka 2021 muungano wa kampuni ulioongozwa na Safaricom ulilipa serikali ya Ethiopia dola milioni 850 kwa leseni ya miaka 15. Kiasi hicho kikigawanywa sawa, kila mwaka wa leseni unabeba takriban dola milioni 56.7, ziwe laini za simu zimeuzwa nyingi au chache. Leseni haina bati wala tairi, lakini siku zake zinahesabika kuliko za mnara wa simu, na masalia yake kwa kawaida ni sifuri. Chapa iliyojengwa na kampuni yenyewe kwa miaka mingi haiingii kwenye mizania hata kama inajulikana na kila mtu, kwa sababu gharama ya kuijenga haiwezi kutenganishwa na gharama ya kuendesha biashara nzima. Chapa ile ile ikinunuliwa na kampuni nyingine itaingia, kwa kuwa sasa ina bei.

Gudwili ina hadhi ya pekee. Ni kile anacholipa mnunuzi wa kampuni zaidi ya thamani ya mali zote zinazotambulika, baada ya kutoa madeni. Zamani iligawanywa kwa miaka kama leseni. Marekani iliacha utaratibu huo mwaka 2001 kwa kampuni zilizo kwenye soko la hisa, na viwango vya kimataifa vikafuata mwaka 2004. Sasa gudwili hubaki kwenye vitabu bila kupunguzwa, ila hupimwa angalau mara moja kwa mwaka kuona kama imepoteza thamani. Ikiwa imepoteza, upungufu huandikwa wote kwa mkupuo. Kipimo cha aina hiyo hufanyika pia kwa mitambo na leseni pale dalili za kudhoofika zinapoonekana, kama soko kuporomoka au teknolojia mpya kuingia. Huo si uchakavu wa kila mwaka. Ni kukiri kwamba mali haitarudisha tena kiasi kilichoandikwa.

Mahali panapowachanganya wasomaji wengi ni taarifa ya mtiririko wa fedha, ambako uchakavu huongezwa tena juu ya faida. Kampuni ikipata faida ya milioni 60 baada ya kutoa uchakavu wa milioni 40, shughuli zake zimeleta fedha taslimu milioni 100 hivi, mengine yote yakiwa sawa. Fedha hizo hazikutengenezwa na uchakavu. Zilitoka kwa wateja; uchakavu ulikuwa umezitoa kwenye faida bila kuzitoa mfukoni, na taarifa hii inarudisha hesabu mahali pake. Fedha zilizonunulia basi zilikwisha kuonekana mwaka wa ununuzi, chini ya kichwa cha shughuli za uwekezaji.

Kutokana na hilo kumezuka desturi ya kutangaza faida kabla ya riba, kodi, uchakavu na amotizesheni, ile inayofahamika kwa herufi EBITDA. Mabenki huipenda kwa sababu inaonyesha uwezo wa kulipa riba kwa muda mfupi. Kuifanya kipimo kikuu cha afya ya kampuni ya mabasi, ndege, saruji au simu ni kosa kubwa. Kampuni hizo huishi kwa mitambo inayozeeka, na anayehesabu faida bila uchakavu anadai kwamba mitambo hiyo haitahitaji kubadilishwa kamwe. Njia nzuri ya kujilinda ni kulinganisha uchakavu wa mwaka na fedha zilizotumika kununua mali mpya. Fedha hizo zikiwa pungufu ya uchakavu miaka mitano mfululizo, yamkini kampuni inakula mtaji wake.

Nguvu ya makadirio inaonekana vizuri ukirudi kwenye yale mabasi. Baada ya miaka miwili, thamani ya kitabuni kwa mgawanyo sawa ni milioni 320. Uongozi ukiamua kwamba basi litadumu miaka 10 zaidi badala ya sita, uchakavu wa mwaka unashuka kutoka milioni 40 hadi 24. Kwa mabasi 50, faida inapanda kwa shilingi milioni 800 kila mwaka bila nauli moja kuongezeka. Kanuni zinaruhusu badiliko la namna hiyo, tena zinautaka uongozi upitie upya makadirio kila mwisho wa mwaka, mradi sababu ziwe za kweli na athari ielezwe.

Waste Management, kampuni kubwa ya kuzoa taka nchini Marekani, ilitumia mlango huo vibaya. Mwaka 1998 ilikiri kwamba faida zake za mwaka 1992 hadi 1997 zilikuwa zimezidishwa kwa dola bilioni 1.7. Mwaka 2002 mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo iliwashtaki mwanzilishi wake, Dean Buntrock, na maofisa wengine watano wa juu, ikidai kwamba malori ya taka yaliongezewa miaka ya matumizi na thamani ya masalia bila msingi wowote. Wakaguzi wake, Arthur Andersen, walikuwa wametozwa faini ya dola milioni 7 mwaka uliotangulia.

Si kila badiliko ni hila. Alphabet, kampuni mama ya Google, ilirefusha muda wa seva zake kutoka miaka minne hadi sita mwaka 2023, na gharama ya uchakavu ikapungua kwa dola bilioni 3.9 mwaka huo. Amazon ilikwenda kinyume mwaka 2025, ikapunguza muda wa baadhi ya seva kutoka miaka sita hadi mitano kwa maelezo kwamba maendeleo ya akili unde yanazeesha vifaa haraka. Zote zilitangaza waziwazi. Msomaji anabaki na kazi ya kuamua nani yuko karibu zaidi na ukweli.

Mamlaka za kodi hazitaki kabisa kuingia kwenye makadirio hayo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 huweka mali katika madaraja yenye viwango vyake: kompyuta, kwa mfano, hupunguzwa kwa asilimia 37.5 ya salio kila mwaka. Kompyuta za shilingi milioni 40 zinatoa punguzo la kikodi la milioni 15 mwaka wa kwanza, wakati vitabu vya kampuni inayozigawa kwa miaka mitano vinaonyesha milioni 8. Tofauti hiyo huzaa kodi iliyoahirishwa, ambayo kampuni itailipa miaka ya mbele punguzo la kikodi litakapokuwa dogo.

Taarifa zote hizi zimo katika maelezo yanayofuata nyuma ya hesabu kuu, kurasa ambazo wengi huziruka. Humo kampuni hutaja njia inayotumia, miaka au viwango vya kila kundi la mali, gharama ya awali na uchakavu uliolimbikizwa. Uchakavu uliolimbikizwa ukifikia asilimia 80 ya gharama, mitambo imezeeka, na uwekezaji mkubwa uko njiani au umecheleweshwa. Mwenye hisa, hata awe na hisa 100 tu, alinganishe miaka hiyo na ya ripoti iliyopita, na akiona imebadilika aulize sababu kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Ana haki ya kujibiwa.